"Alipoulizwa mwaka wa kuzaliwa, nilimwambia aandike 2004"

BARUA

Kwako Mwalimu,

Pokea salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mama wa watoto wawili na nauza viatu vya mitumba. Barua hii nimeiandika siku nne, nikiandika na kufuta, kwa hivyo ukiona inaruka huku na huku univumilie.

Kifungua mimba wangu ni kijana, yuko chuo cha ufundi mwaka wa pili. Anayemfuata ni msichana wa miaka 13, atafikisha 14 mwezi wa nane, yuko Gredi ya 8. Baba yao tuliachana huyu msichana akiwa bado ananyonya, na habari zake naomba tuziache hapo.

Biashara ya viatu ni bahati nasibu. Unanunua robota limefungwa, hujui kilicho ndani mpaka ukate kamba. Ukibahatika unapata kamera nyingi, yaani vile viatu safi vya kwanza ambavyo watu wa ofisini huja kuvichagua asubuhi na mapema. Hivyo nauza hata 1,500. Vya kati ndivyo vingi, mia tano mia tano. Vinavyobaki ni fagia, navimwaga chini kwenye turubai kila jozi shilingi mia. Mwaka wa 2024 mwishoni nilifungua robota nikakaa chini nikalia. Lilikuwa fagia tupu, na viatu vingine vya mguu wa kushoto havina mwenzake.

Ni wakati huo binti yangu, akiwa na miaka 12, aliponiambia, "Mama, leta simu nikutangazie." Alikuwa ametoka shule, saa kumi na moja jioni hivi. Akashika raba moja ya buluu, akaifuta kwa mkono wa sweta, akaielekezea simu na kupaza sauti kama makanga wa stejini: "Raba mia tano! Mia tano tu! Hata nyanyako atakimbia!" Majirani wa vibanda walicheka mpaka wakaacha wateja.

Ili video iingie mtandaoni ilibidi afungue akaunti. Tukafika mahali pa mwaka wa kuzaliwa. Ile miaka inazunguka kwenye kioo cha simu kama gurudumu, unaivuta kwa kidole. Akaivuta ikafika 2012, akasimama, akanigeukia. Hakusema neno. Mimi ndiye niliyesema, "Weka 2004." Ni mwaka aliozaliwa kakake. Akavuta gurudumu, tukaendelea.

Mwalimu, siwezi kukudanganya, zile video zilituinua. Nilikuwa nauza jozi tano au sita kwa siku, sasa siku nzuri nauza ishirini. Napata oda za Naivasha, Kericho, hadi Nyahururu. Nafunga kwenye katoni, naandika namba ya simu kwa wino mzito, naipeleka kwa matatu, mteja anatuma pesa kwa M-Pesa. Deni la chama nililimaliza mwaka jana. Karo ya kakake hulipwa na hizo video. Na msichana mwenyewe alibadilika. Huyu mtoto alikuwa mnyamavu, wa kujificha nyuma yangu kanisani. Siku hizi watu wanamsimamisha njiani.

Sasa shida. Desemba dadangu mkubwa alinipigia kutoka Australia, mji wa Perth, anakotunza wazee. Aliniambia huko watoto wa chini ya miaka 16 wamefungiwa mitandao kwa sheria, na mwanawe wa miaka 14 amepoteza akaunti yake na kununa wiki mbili. Akamalizia, "Hata huko Kenya inakuja. Na siku hiyo utakayeshikwa ni wewe, kwa kudanganya umri." Nililichukulia kama maneno ya watu wa ng'ambo.

Shule zilipofunguliwa Januari, mwalimu wa darasa lake akaniita. Nilidhani ni habari ya hesabu. Kumbe wavulana wamembandika jina: wanamwita "Mia Tano". Mwalimu alimsikia mmoja akimuuliza, "Leo kuna punguzo?" Kwanza nilicheka, nikadhani ni utani wa tangazo. Mwalimu hakucheka. Ndipo nilipoelewa, na masikio yakaniwaka moto.

Usiku ule nilichukua simu nikasoma meseji zote. Nyingi ni za namba za viatu. Lakini kulikuwa na mwanamume mmoja aliyeulizia namba 42, ya rangi nyeusi. Binti yangu akamjibu vizuri tu. Kisha yule mtu akaandika, "Na muuzaji ni ngapi?" Mtoto akaweka vile vikatuni vitatu vya kucheka mpaka machozi, akaandika, "Sisi tunauza viatu tu boss." Yule mtu akauliza anakaa mtaa gani. Hakujibiwa. Akauliza tena siku iliyofuata.

Nilimwuliza binti yangu kwa nini hakuniambia. Akasema, "Kwani si ni mteja?" Baadaye akaongeza polepole, "Ungefunga akaunti." Nikamwambia hata sasa naifunga. Hapo ndipo aliponijibu jambo ambalo halijanitoka kichwani: "Akaunti ni yangu. Na wewe ndiye uliniambia niandike 2004."

Tangu siku hiyo tunaongea ya "chakula kiko tayari" na "umefunga mlango?" Basi. Kakake anasema akaunti iandikwe jina langu tuendelee kama kawaida. Mama mmoja wa kanisani ananiambia mtoto ameshaharibika, simu ichomwe. Dadangu anasema sheria.

Nauliza: je, nimevunja sheria? Nikienda kumshtaki yule mtu, si mimi nitakayewekwa ndani kwanza kwa sababu ya ule mwaka wa uongo? Nikifunga akaunti, karo itatoka wapi? Na huyu mtoto, nimemharibu mimi?

Mama Viatu, Nakuru


JIBU

Dada yangu Mama Viatu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama mwalimu mstaafu, nikatamani kumjua huyo wa namba 42. Mara ya pili niliisoma kama mama aliyewahi kuuza mandazi getini ili karo itimie, na hapo nikakuelewa kabisa. Mara ya tatu ndipo nilipoona kwamba umeniletea mafundo kadhaa kwenye kamba moja, na kila mtu unayemwuliza anavuta fundo lake. Dada yako anavuta sheria, mama wa kanisani anavuta maadili, kijana wako anavuta biashara. Binti yako peke yake ndiye aliyevuta lile la 2004, na nafikiri ndilo lililokufanya uandike na kufuta siku nne.

Tuanze na hofu ya kushikwa, maana mtu akiwa na hofu ya polisi hasikii kingine.

Dada yako hakudanganya, ila aliongeza chumvi mwishoni. Sheria ya Australia ilipitishwa Novemba 2024 na kuanza kufanya kazi tarehe 10 Desemba 2025. Inazitaka kampuni za mitandao, kama TikTok, Instagram, Facebook, Snapchat, YouTube na X, zihakikishe mtoto wa chini ya miaka 16 hana akaunti kwao. Kampuni isiyochukua hatua inaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 49.5 za huko. Inayotozwa ni kampuni. Mtoto hatozwi, na mzazi pia hatozwi. Kwa hivyo hata ungekuwa unaishi nyumba moja na dada yako huko Perth, hakuna askari ambaye angekugongea mlango kwa ajili ya gurudumu la miaka. Nafikiri dada yako alikuwa pia anasema ya nyumbani kwake. Mwenye mtoto aliyenuna wiki mbili hutafuta mwenzake wa kuogopa naye.

Hapa Kenya hakuna sheria inayotaja miaka 16 kwa mitandao ya kijamii. Lakini usiseme basi hakuna sheria. Sheria ya Watoto ya 2022 inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, na inawataja wanaomrubuni au kumsumbua mtoto mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema habari za mtoto zisikusanywe bila idhini ya mzazi au mlezi, tena kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Na si maneno ya karatasini tu: Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Aprili 2025 Mamlaka ya Mawasiliano nayo ilitoa mwongozo wa kuzitaka kampuni zimlinde mtoto mtandaoni.

Umeliona neno linalojirudia hapo? Idhini ya mzazi. Sheria yetu haikuweka askari mlangoni, ilikuweka wewe. Binti yako alipofika 2012 akasimama na kukugeukia, alikuwa anafanya kile hasa ambacho sheria hiyo ingetamani kila mtoto akifanye. Alikuuliza, japo hakufungua mdomo. Sisemi hivi ili nikuumize. Nasema kwa sababu wewe umeiandika ile dakika kama ushahidi dhidi yako, na mimi naiona pia kama ushahidi kwamba mna mtoto anayejua kusimama na kuuliza. Huyo hajaharibika, mwambie mama wa kanisani nimesema mimi.

Sasa nikueleze kile mwaka wa 2004 ulichofanya, kwa sababu nahisi wewe uliuona kama kule kusogeza umri wa mtoto ili apande matatu kwa nauli nafuu. Kauongo kadogo, gari linaondoka, yameisha. Huu haukuisha.

Mtandao wenu hukuutaja na si lazima. Nichukue TikTok kwa mfano, maana wasomaji wangu wengi wanaijua. Masharti yake yanasema uwe na miaka 13 ndipo ufungue akaunti. Hiyo 13, kwa taarifa yako, haikutoka kwa mtaalamu wa malezi. Ilitoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliyokataza kampuni kukusanya habari za watoto wa chini ya umri huo bila ruhusa ya wazazi. Kampuni zikaona rahisi kusema "chini ya 13 hatutaki", na dunia nzima ikazoea. Kwa hivyo usidhani kwamba sasa binti yako akiwa na 13 amevuka mto na yuko salama ng'ambo. Hata ndani ya TikTok yenyewe, akaunti ya mtoto wa miaka 13 hadi 15 huanza ikiwa ya faragha, hatumiwi ujumbe wa siri, na video zake hazipelekwi kwa watu wasiomjua. Kutangaza moja kwa moja hakuruhusiwi mpaka afikishe miaka 18.

Ulipoandika 2004, mashine ilimwona mtu mzima wa miaka 20. Ikaondoa walinzi wote hao kwa mpigo, kwa adabu kabisa, kwa sababu ndivyo mtu mzima anavyotaka. Yule wa namba 42 hakuvunja dirisha. Alipita mlangoni.

Na hapa lazima niseme jambo chungu: ni mlango huohuo uliowaleta wateja wa Naivasha na Kericho. Ungeandika 2012, ukiacha kwamba alikuwa 12 na angekataliwa, hata leo akiwa na 13 video zake zisingewafikia watu msiowajua, na raba ya buluu ingeonekana na wanafunzi wenzake tu. Kilichoinua biashara na kilichomleta yule mtu ni kitu kimoja. Kila atakayekushauri bila kuligusa hilo anakushauri nusu.

Kuhusu yule mwanamume sina maneno mengi. Usifute kitu. Piga picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti yake, maneno yake na tarehe, kisha ndipo umzuie. Piga 116, ni bure, ni simu ya watoto, usiku na mchana. Waweza pia kwenda kwa afisa wa watoto wa kaunti yako ndogo, au dawati la jinsia na watoto kituoni. Unaogopa utawekwa ndani wewe kwa sababu ya 2004. Mimi si wakili, lakini ule mwaka ni kuvunja masharti ya kampuni, na adhabu yake ya kawaida ni kampuni kufunga akaunti. Ukiulizwa, sema kama ulivyoniambia mimi. Asije yule mwanamume akasema naye alidanganywa na akaunti iliyoandikwa miaka ishirini na ushei. Umeniambia mtoto alifuta raba kwa mkono wa sweta. Ametoka shule saa kumi na moja, ni sweta gani hiyo kama si ya shule? Aliona anaongea na nani.

Hiyo sweta inanipa wasiwasi mwingine. Keti siku moja uzitazame zile video kama mtu asiyewajua. Shule yake inajulikana kwa rangi ya sweta. Kibanda kinajulikana, maana mnataka wateja wakipate. Saa inajulikana. Mtu aliye Kericho anaweza kujua binti yako atakuwa wapi kesho saa kumi na moja kabla wewe mwenyewe hujajua. Hata ukifunga akaunti leo, zilizohifadhiwa na watu zimehifadhiwa. Lakini zinazokuja bado ziko mikononi mwenu.

Niruhusu nitoke njiani kidogo. Sisi tuliokua na redio tulikuwa na kadi za salamu. Msichana akisikika anamsalimu fulani wa sanduku la posta namba fulani, jioni baba anamngoja uani na swali: huyo fulani ni nani? Tulilalamika sana. Lakini jina lako lilisomwa mara moja, kwa dakika moja, na mtaa mzima ulisikia, akiwemo babako. Siku hizi jina linasomwa mchana kutwa na wanaosikia ni wageni watupu. Mama ndiye wa mwisho kupata habari.

Turudi. Kwenye zile meseji wewe uliona matusi ya yule mtu. Mimi nilisimama kwenye jibu la mtoto. "Sisi tunauza viatu tu boss." Aliulizwa bei yake yeye, peke yake, usiku pengine, akiwa amelala kitanda kimoja na simu. Akajibu "sisi". Alijificha nyuma yako kama zamani kanisani, ila safari hii hukuwepo. Na vile vikatuni vya kucheka, dada yangu, usivisome kama kicheko. Wanawake wengi tunakijua kicheko hicho. Ni kile unachomcheka mteja mlevi ili aondoke kibandani bila fujo. Hiyo ni kazi ya mtu mzima, na ameifanya akiwa na miaka 13 kwa sababu alidhani ni sehemu ya biashara.

Ndipo swali gumu linakuja, na ningependa ulifikirie bila kujitetea haraka. Ni kazi, au ni msaada wa nyumbani? Sote tulikua tukimsaidia mama sokoni na hakuna aliyeita hiyo ajira. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na wa 13 hadi 16 inamruhusia kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumharibia shule. Sidai wewe umemwajiri. Lakini umeniandikia kwamba karo ya kakake "hulipwa na hizo video". Kama ni hivyo, nyumbani kwako kuna mtoto wa miaka 13 anayemlipia karo mtu wa miaka 21. Je, analijua hilo? Nina hakika analijua. Anaona M-Pesa ikiingia kama wewe unavyoiona.

Sasa njia zilizo mbele yako. Sitakuchagulia.

Waweza kufunga akaunti kabisa. Utalala usingizi, na dada yako atashukuru Mungu. Hatari yake binti yako alishakutajia mwenyewe: "Ungefunga akaunti." Maana yake, kwa hesabu yake, kumwambia mama tatizo ni sawa na kuadhibiwa. Ukifunga kwa hasira, umemthibitishia. Ijayo ataifungua kwa simu ya rafiki, na huko sina hakika kuna mtu wa kusoma meseji usiku. Kama utafunga, basi aelewe kwamba hakufungiwa kwa kosa lake, na hilo halielezwi kwa sentensi moja ya jikoni.

Njia ya kijana wako, ya kuiandika jina lako, ina akili kuliko inavyosikika, lakini tu kama si jina peke yake linalobadilika. Akaunti ikiwa ya mama, namba ya mama na mwaka wa mama, halafu anayeonekana ni mtoto yuleyule na anayejibu usiku ni yuleyule, mtakuwa mmebadilisha kibao cha duka tu. Ingekuwa akaunti yako kweli, viatu na mikono ndivyo vionekane, sauti iwe yako, meseji ujibu wewe. Najua utaniambia wateja walikuja kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya mikono ya mama. Huenda. Mauzo yanaweza kushuka na sitakuficha. Lakini pia sijui kama umewahi kuhesabu. Kwa wiki mbili muulize kila anayenunua: ulitujua vipi? Huyu wa Naivasha anayerudi mara ya nne hahitaji tena video, ana namba yako. Inawezekana biashara imeshaota miguu yake na wewe bado unaibeba kwa kuogopa itaanguka. Inawezekana pia haijaota. Ukihesabu utajua, na suala la karo utalijadili na chuo ukiwa na takwimu mkononi, labda uombe kulipa kwa awamu. Na kijana wa miaka 21, Jumamosi anafanya nini? Nauliza tu.

Wengine wangeendelea kwa masharti: simu ilale kwako, asionekane na sare, asitangaze moja kwa moja, meseji zote zipite kwako. Ni njia ya katikati na inavutia. Lakini wewe uko peke yako kibandani, wateja wanapatana bei, matatu inapiga honi inataka katoni ya Nyahururu. Utazisoma meseji za saa ngapi? Na ile 2004 bado iko palepale, kila siku ikimfundisha mtoto kwamba kuna mambo sisi kama familia tunayadanganya kwa sababu yanalipa.

Chochote utakachochagua, kuna mtu ambaye angenyang'anywa kitu. Mtoto mnyamavu alipata sauti kupitia ile "mia tano tu". Usiichukue sauti ukadhani umechukua simu. Kama si kwenye video, itatumika wapi? Kuna klabu za maigizo na mashairi shuleni, kuna kibanda chenyewe Jumamosi ukiwa umesimama kando yake. Wavulana wa "punguzo" nao wasiachiwe yeye apambane nao. Mwalimu wa darasa aliyekataa kucheka ni mshirika wako, mrudie, mpange pamoja cha kufanya, na binti yako aulizwe kwanza kabla ya watu wazima kusimama mbele ya darasa na kulitamka jina hilo kwa sauti. Jina la utani likikemewa vibaya hukaa mpaka Gredi ya 12.

Kuhusu "wewe ndiye uliniambia niandike 2004": uliliona kama utovu wa adabu? Mimi nadhani alikuwa anakukumbusha kwamba mlikuwa wawili. Sijui kama umeshamwambia, "Ni kweli, nilikuambia, na sikupaswa." Wazazi wa rika letu neno hilo hutukwama kooni. Si lazima mkae sebuleni kama baraza la chifu. Kuna jioni mnasugua viatu pamoja, yeye na brashi, wewe na kitambaa, macho yenu wote kwenye kiatu. Mahali kama hapo ndipo watoto husema.

Nimeitafuta barua yako nzima mahali ulipomuuliza kama bado anaipenda kazi hii, sijapaona. Umeandika kwamba hataki akaunti ifungwe, nawe umechukulia kwamba anapenda umaarufu. Lakini huyu ni mtoto aliyejibu "sisi". Anajua robota la mwisho wa 2024 lilikuliza, anajua karo ya kakake inatoka wapi. Huenda ameshachoka na "Mia Tano" tangu mwaka jana na anashikilia ile akaunti kwa ajili yako. Huenda sivyo. Muulize, kisha umwache amalize hata akinyamaza katikati. Ukipata jibu niandikie, na yeye akitaka kuongeza mistari yake chini ya barua yako, nafasi ipo.

Wako,
Mwalimu